Jibu Lililofanana

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Nikuze alikuwa na kituo kimoja asichokiruka. Aliteremka kilima kutoka kwao, akapita katikati ya migomba iliyodondosha umande, akavuka kijito, kisha akapanda hadi senta ya kijiji, kwenye duka la Mzee Muzamil. Hakwenda kununua kitu. Alimfuata Naila, binti wa mwenye duka, ambaye walikaa naye dawati moja katika darasa la tano.

"Naila, leta basi," alikuwa akisema hata kabla ya salamu kuisha.

Naila alimsukumia daftari la Hisabati. Nikuze alilitandaza juu ya gunia la mchele, akafungua lake kando, na kalamu ikaanza kukimbia. Dakika tano zilimtosha. Alinakili kila kitu. Palipokuwa pamefutwa na Naila, naye alifuta. Siku moja alinakili hata tarehe ambayo Naila aliikosea, na mwalimu akawauliza kama wote wawili wanaishi katika mwezi tofauti na watu wengine. Darasa zima lilicheka. Nikuze alicheka pia.

Mwezi Desemba hakucheka. Ilikuwa siku mbili baada ya Noeli. Baba yake, Evaristi, alikuwa amekaa uani baada ya kutoka shambani, akalichukua daftari la bintiye na kulifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kila ukurasa ulikuwa na alama za vema kwa wino mwekundu. Uso wa Evaristi ulijaa furaha.

"Mwanangu, kumbe wewe ni mkali wa hesabu hivi! Hebu nifanyie hili nione," alisema, akiweka kidole kwenye swali moja alilolipata mwezi Oktoba.

Nikuze alishika kalamu. Aliandika namba ya kwanza, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta. Kuku walipita wakidonoa miguuni pake, na karatasi ikabaki nyeupe. Baba yake alisubiri kwa muda mrefu. Hakumgombeza. Alilifunga daftari polepole, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nikuze, hizi alama za vema ni za nani?"

Swali hilo lilimkaa Nikuze kichwani hadi Mwaka Mpya. Siku hiyo, waliporudi kanisani, alichukua daftari jipya alilonunuliwa kwa ajili ya darasa la sita, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa na kuandika: "Sitanakili tena. Nitafanya maswali matano kila siku, mimi mwenyewe." Hakumwonyesha mtu.

Shule ilipofunguliwa katikati ya Januari, Nikuze alianza kupita njia nyingine, ile inayozunguka kwenye mashamba ya kahawa na kutokea nyuma ya shule bila kugusa senta. Ilikuwa ndefu zaidi, lakini haikuwa na gunia la mchele wala daftari la Naila.

Matokeo ya kwanza yalikuwa ya aibu. Alipata mbili kati ya kumi. Kesho yake akapata tatu.

"Nikuze, siku hizi unanakili kwa nani? Kwa mbuzi?" aliuliza Celestin, kijana aliyekaa dawati la nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Naila hakucheka. Alimtazama rafiki yake kwa jicho la pembeni.

"Mbona hupiti tena nyumbani?" alimuuliza wakati wa mapumziko. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi umepata mtu mwingine. Nani? Niambie tu."

"Sijapata mtu, Naila. Nafanya mwenyewe."

Naila alinyanyua mabega. Ilionekana wazi kwamba hakuamini hata kidogo.

Nyumbani nako mambo hayakuwa rahisi. Maharage yalikuwa yamekauka, na mama yake, Kayitesi, alikuwa uani kila alasiri akiyapura kwa fimbo na kuyapepeta kwa ungo. Nikuze alisaidia, lakini kila siku kwenye saa kumi alichukua daftari na kutokomea nyuma ya jiko. Siku ya tatu mama yake alimfuata kimyakimya.

"Lete hilo daftari," alisema.

Alilishika kwa jalada, akaligeuza chini juu na kulitikisa mara mbili, akitegemea kikaratasi fulani kianguke. Hakikuanguka kitu.

"Mama, unatafuta nini?"

"Wewe ndiye uniambie. Mtoto aliyekuwa akikimbia daftari, leo analikumbatia wakati wa kazi. Lina nini?"

Nikuze alimweleza yote: swali la baba, duka la Mzee Muzamil, na maneno aliyoyaandika ukurasa wa mwisho. Kayitesi alisikiliza huku fimbo ya kupuria ikiwa bado mkononi.

"Mwaka juzi uliapa utakuwa unaamka bila kuitwa," alisema. "Ilidumu siku nne."

"Nakumbuka."

"Haya. Kama ni hesabu kweli, njoo uzifanyie hapa mbele yangu. Na unapofanya, nieleze. Mimi niliishia darasa la nne, lakini masikio ninayo."

Kuanzia siku hiyo Nikuze alikaa kwenye kigoda karibu na turubai la maharage, akifanya maswali yake matano kwa sauti. Mama yake alipura na kuuliza, "Hiyo sita imetoka wapi?" au "Kwa nini umegawanya, hukuzidisha?" Mara nyingi Nikuze aligundua kosa lake wakati akijaribu kulieleza.

Wiki ya tatu alianguka. Siku ya Jumanne walichelewa shambani wakiwahi kuingiza maharage kabla ya mvua, na hakufanya swali hata moja. Jumatano asubuhi, alipofika kwenye njia panda, miguu yake ilikwenda senta bila hata kumuuliza. Naila alimpokea kwa tabasamu.

"Si nilijua utarudi!" alisema, akamsukumia daftari.

Nikuze alinakili maswali yote. Alipata kumi kati ya kumi, na alama hizo zilimchoma siku nzima. Jioni alifungua ukurasa wa mwisho ili auchane. Alishika kona ya karatasi, akaivuta kidogo, halafu akaiacha. Badala yake aliandika chini ya maneno ya Mwaka Mpya: "Jumatano nilinakili. Alhamisi naanza tena."

Akaanza tena. Mwanzoni mwa Februari alikuwa akipata tano, wakati mwingine sita. Hakuna aliyeona tofauti, maana jina lake lilishazoeleka kuwa jina la mtu anayenakili.

Wiki ya pili ya Februari, Mwalimu Apolinary, aliyefundisha Hisabati, alitangaza jaribio la maswali ishirini siku ya Jumatatu. Naila hakuwepo alipotangaza. Alikuwa Bukoba kwenye harusi ya shangazi yake, na alirudi Jumapili jioni akiwa bado na hina mikononi.

Asubuhi ya jaribio, Nikuze aliweka mkoba wake katikati ya dawati kama walivyoagizwa, akainamia karatasi. Alishangaa kuona kwamba maswali mengi aliyajua. Alipofika swali la kumi na moja, alisikia kalamu ya Naila imenyamaza. Kisha akahisi pumzi karibu na bega lake. Aligeuka. Naila alikuwa akitazama dirishani.

"Labda nimehisi vibaya," Nikuze aliwaza. "Naila aangalizie kwangu mimi?" Wazo lenyewe lilimchekesha. Akaendelea.

Siku ya Jumatano Mwalimu Apolinary aliingia darasani na rundo la karatasi, lakini hakuzigawa zote. Mbili alizibakiza mkononi.

"Naila, nifuate ofisini. Wewe na Nikuze."

Minong'ono ilianza kabla hawajafika mlangoni. Nikuze alimsikia Celestin akisema, "Leo wamemkamata."

Ofisini, mwalimu alizilaza karatasi mbili mezani. Naila alikuwa amepata kumi na tano, na Nikuze kumi na nne.

"Tangu nianze kuwafundisha, Nikuze hajawahi kufika kumi katika jaribio," alisema. "Hilo moja. La pili, swali la kumi na moja. Darasa lina wanafunzi hamsini na wanane. Waliopata wameandika jibu sahihi, na waliokosa kila mmoja amekosa kivyake. Lakini ninyi wawili mmekosa kwa jibu moja. Sasa, nani amechukua kazi ya mwenzake?"

Aliwauliza wote, lakini macho yake yalikuwa kwa Nikuze peke yake.

"Sikunakili, mwalimu," alisema Nikuze.

"Mwaka jana pia ulisema hivyo. Tukakuta hata tarehe umenakili."

Nikuze alimgeukia Naila. Naila alikuwa akikwangua hina kwenye kucha ya kidole gumba, kichwa chini. Hapo ndipo Nikuze alipokumbuka ile pumzi begani. Alitaka kusema, "Ni yeye!" Lakini nani angemwamini? Yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

"Ijumaa uje na mzazi," alihitimisha mwalimu. "Na wewe Naila uwepo, uwe shahidi."

Jioni ile mama yake alisikiliza habari hiyo bila kumkatiza. Kisha akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Niambie ukweli. Hukunakili?"

"Mama! Hata wewe?"

"Mimi nimekuona ukifanya hesabu hapa uani. Katika chumba cha mtihani sikuwemo. Ndiyo maana nauliza."

Maneno hayo yalimuuma kuliko ya mwalimu. Alhamisi asubuhi alisimama kwenye njia panda kwa muda mrefu. Kama kila mtu alikuwa na hakika kwamba ananakili, kulikuwa na faida gani kuzunguka mashamba ya kahawa na kupata tano? Angepita dukani, apate kumi, na bado wangesema maneno yaleyale. Pikipiki iliyobeba mikungu ya ndizi ilimpita ikipiga honi. Mwenye pikipiki alipotokomea, Nikuze alikuwa ameshashika njia ya kahawa. Alikuwa na hasira, na alilia kidogo njiani, lakini hakurudi nyuma.

Ijumaa Kayitesi alivaa kitenge chake cha kanisani na kwenda shuleni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa umri.

"Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo. Karibu ukae." Mwalimu Apolinary alifungua droo na kutoa zile karatasi. "Nimekuita kwa jambo lisilofurahisha. Naomba nianze na Naila. Naila, tueleze, kwa nini ulikosa swali la kumi na moja?"

"Nilikosea kuzidisha, mwalimu," Naila alijibu haraka.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, na hapohapo akageuka. "Haya, Nikuze. Na wewe?"

Nikuze alianza kueleza, akajichanganya. Watu wazima wawili walikuwa wakimtazama, na wote walionekana kusubiri uongo.

"Nieleze mimi," mama yake alisema kwa upole. "Kama unavyonieleza uani."

Nikuze alivuta pumzi. Akaisogeza karatasi mbele ya mama yake na kusoma swali: "Mkulima alivuna madebe kumi na nane ya maharage. Debe moja lina kilo ishirini. Gunia moja hujaa kilo tisini. Je, alipata magunia mangapi ya kuuza?"

"Enhe."

"Sasa mama, wameuliza magunia ya kuuza. Kwa hiyo kwanza nikatoa madebe mawili ya mbegu. Yakabaki kumi na sita. Kumi na sita mara ishirini ni kilo mia tatu na ishirini. Nikagawanya kwa tisini. Nikapata magunia matatu, na kilo hamsini zikabaki."

Kayitesi alimgeukia mwalimu.

"Kosa liko wapi hapo?"

"Jibu ni magunia manne, mama," alisema mwalimu. "Kumi na nane mara ishirini ni mia tatu na sitini. Gawanya kwa tisini, unapata nne. Swali halikutaja mbegu."

"Halikutaja!" Kayitesi alishangaa. "Mkulima gani huyo anayeuza maharage yote? Msimu ujao atapanda nini? Sisi kwetu tukishapura, madebe mawili yanawekwa pembeni kabla hatujafikiria gunia. Kila mwaka huyu mtoto ndiye anayeyapanga."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu Apolinary aliichukua karatasi ya Naila na kuitazama kwa makini, akifuata kila mstari kwa kalamu yake.

"Naila," alisema taratibu, "umesema ulikosea kuzidisha. Lakini hapa umezidisha sawasawa. Umeandika kumi na sita mara ishirini ni mia tatu na ishirini. Ni kweli. Hiyo kumi na sita umeitoa wapi?"

Naila alianza tena kukwangua hina kwenye kucha.

"Kwenye swali mna kumi na nane. Ulitoa mbili kwa sababu gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Kwenu huwa mnaweka mbegu?"

"Hapana. Sisi tunanunua kwa wakulima, tunauza." Kufika hapo machozi yalikuwa yameshaanza. "Niliangalizia, mwalimu. Nilikuwa Bukoba, sikujua kama kuna jaribio. Nilijua kila mtu atasema Naila ameshuka. Nikatazama kwa Nikuze maswali manne. Sikujua na yeye atakosa."

Nje, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba namba.

"Na nilipomuuliza yeye siku ile, ukanyamaza," alisema mwalimu.

"Nilijua mtasema ni yeye tu," Naila alinong'ona. Halafu akamgeukia rafiki yake. "Nisamehe, Nikuze. Nilifikiri hata wewe mwenyewe umezoea kushukiwa."

Nikuze alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini alipomwona akijipangusa kamasi kwa mkono wenye hina, alikumbuka asubuhi zote ambazo Naila alimsukumia daftari bila kudai kitu.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila daftari langu sikupi, na lako usinipe. Ukitaka, tukae tufanye pamoja, kila mtu na lake."

Mama yake alimvuta karibu. "Na mimi nilikushuku mara mbili," alisema. "Unisamehe, mwanangu."

Mwalimu Apolinary hakuyamalizia mambo ofisini. Aliingia darasani nao, akasimama mbele na kuwaeleza wanafunzi kilichotokea, bila kuzidisha wala kupunguza. Alisema Naila atarudia jaribio peke yake, na kwamba ametaja kosa lake mwenyewe, hivyo hataki kusikia mtu akimzomea. Kisha akamtazama Nikuze.

"Alama zako ni kumi na nne. Swali la kumi na moja sikupi, kwa sababu jibu ni magunia manne. Siku nyingine lisome swali lilivyo." Watu walicheka kidogo, naye akatabasamu. "Lakini hizo kumi na nne ni zako, hakuna wa kukunyang'anya."

Alikaa kwenye ukingo wa meza yake.

"Wengi wenu mliweka malengo Mwaka Mpya. Sitauliza nani bado anayakumbuka. Nataka mjue jambo moja. Siku unayoamua kuacha tabia mbaya, wewe unakuwa umebadilika moyoni, lakini watu bado wanakuona yule wa jana. Watakushuku wiki nzima, labda miezi. Usikasirike ukaacha. Ukianguka siku moja, anza kesho yake. Fanya kazi yako kidogokidogo kila siku, mpaka kazi yenyewe ikusemee. Na wewe uliyezoea kusifiwa, usije ukaiba ili sifa isipungue. Kushuka alama si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako abebe kosa lako."

Aliinuka, akamgeukia Nikuze.

"Na kosa lingine ni langu. Niliona jina la Nikuze, nikajua jibu kabla sijasoma kazi. Karatasi zote mbili zilikuwa mezani kwangu siku mbili, na ile kumi na sita ilikuwa imeandikwa wazi. Sikuisoma. Nikuze, naomba radhi. Tumeshaingia Februari, lakini na mimi naweka lengo langu la mwaka."

Hakusema lengo hilo ni lipi. Ila Jumatatu iliyofuata, alipogawa karatasi za zoezi, aliwaambia wanafunzi wote wazigeuze na kuandika majina yao upande wa nyuma.